Mchoro Mmoja, Orodha Tatu

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vilivyonibana, na mkuu wa maabara hakunikaribisha hata kuketi. Alikuwa Ingénieur Kalonji, mhandisi mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye vyombo vingi vya elektroniki vya kampuni yetu ya shaba hapa Lubumbashi vilitoka mikononi mwake. Alipanga juu ya meza kadi tatu za kijani, vile vibao vyembamba ambavyo vipande vya elektroniki hulehemiwa juu yake, akaniuliza:

"Mademoiselle Odile, hapa iko kadi moja ao iko tatu?"

"Iko moja, Shefu. Zote zinafanana."

"Angalia tena."

Niliinama nikaangalia. Kwenye moja, mahali fulani palikuwa wazi, hapana kipande. Kwenye nyingine, rezistansi, kile kipande kidogo chenye mistari ya rangi kinachopunguza umeme, ilikuwa na rangi tofauti na ile ya kadi nyingine. Nilimwonyesha. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akavuta kiti na kunipa.

"Sasa kaa. Kazi yako ni hiyo."

Na kweli kazi yangu ilikuwa hiyo mpaka nilipostaafu, kwa hiyo niieleze vizuri, maana vijana wa leo wanaikuta imekwisha kupangwa ndani ya kompyuta na hawajui ilitokana na nini.

Kadi ile ilikuwa ya kulinda pampu. Chuma chembamba, tulikiita sonda, kiliingia ndani ya maji. Sonda ikiguswa na maji, kadi inawasha pampu. Maji yakishuka, inaizima isiungue. Lakini maji si mamoja. Kiwandani, karibu na mji, pampu zilivuta maji yenye asidi, ambayo hupitisha umeme kwa urahisi. Chini ya mgodi wa Kambove maji yalikuwa safi zaidi, na kebo ya kutoka sonda hadi kwenye kadi ilikuwa ndefu mno. Mjini tulikuwa na pampu za maji ya kunywa. Kazi ni ileile, mazingira matatu. Badala ya kubuni kadi tatu, Ingénieur Kalonji alibuni moja na kuipa varianti tatu, yaani namna tatu za kuivalisha vipande.

Tulipopata kompyuta yetu ya kwanza yenye programu ya kuchorea saketi, yeye ndiye aliyenifundisha. Mchoro unabaki mmoja. Kila kipande juu yake kina jina, herufi na namba. Halafu kwa kila varianti kuna orodha ya vipande, Kifaransa nomenclature, na mbele ya kila jina unaandika moja kati ya mambo matatu: kinawekwa, kinabadilishwa na kingine, au nafasi inaachwa tupu. Neno "tupu" lazima liandikwe. Ukiacha mstari bila neno, anayesoma hajui kama umeamua au umesahau.

Jambo moja tu lilimkasirisha: mtu kunakili mchoro ili atengeneze varianti mpya. "Ukiwa na michoro tatu," alisema, "utasahihisha kosa ku moja, na mbili zitabaki na lile kosa. Mchoro moja, orodha tatu. Hata nikiwa siko, fanya vile."

Nilidhani anasema "nikiwa siko" kama wakubwa wote wasemavyo.

Kisha nchi ikaanza kuvunjika. Magodauni ya kampuni yakaporwa, wataalamu wa kigeni wakaondoka, mashine zikawa zinasimama moja baada ya nyingine. Katikati ya hayo, watu ambao baba zao walitoka mkoa wa Kasai wakaanza kuambiwa warudi kwao. Wengi walizaliwa hapa Lubumbashi na walikuwa hawajaona Kasai hata siku moja. Ingénieur Kalonji alikuwa mmoja wao, na vijana waliipiga mawe nyumba yake kule mtaa wa Makomeno. Juma lililofuata hakuja kazini.

Nilimkuta kwenye stesheni ya treni, pamoja na mke wake na watoto, kati ya familia nyingi zilizolala juu ya magodoro na masanduku zikingoja gari-moshi. Nilikuwa nimebeba bukari, ndiyo ugali wetu, na samaki kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa. Alikuwa amevaa koti lake la ofisini. Nilianza kulia. Mke wake akanishika mkono.

"Odile, usilie," alisema Shefu. "Niambie, Kambove iko bado na kadi za akiba?"

"Shefu, unauliza kadi? Banakufukuza, na weye unauliza kadi?"

"Balinizala hapa Lubumbashi. Nitauliza nini ingine?"

Nilimwambia akiba imekwisha, na magodauni hayana vile vipande maalumu vya varianti ya Kambove. Nikamwomba anieleze nifanye nini. Alifunua sufuria, akawagawia watoto kwanza, kisha akanijibu.

"Yote nilijua iko mu programu. Pembeni ya kila kipande niliandika sababu gani niliichagua. Soma. Kisha utengeneze varianti ya ine, kwa vile vipande bitapatikana. Usiguse zile tatu."

Tuliagana hivyo. Baadaye abiria mmoja aliniletea habari kwamba alifika salama na anafundisha hesabu kwenye shule moja huko. Hakurudi tena. Mji huu ulijinyang'anya mtu ambaye ulimhitaji, na sijawahi kuficha kwamba nafikiri hivyo, hata mbele ya watu waliokuwa upande ule.

Walinipa mimi maabara. Hapakuwa na mwingine.

Mkurugenzi wa matengenezo aliniita ofisini kwake. Alikuwa mhandisi mzuri, mtu wa haki, lakini amechoka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa amefanikiwa kupata lori moja tu la kwenda Zambia kununua vifaa.

"Mama Odile, nakuomba orodha moja. Moja tu kwa kadi zote. Chukua ile ya kiwanda, vipande vyake ni rahisi kupatikana. Tutaweka vilevile Kambove na mjini."

"Bwana Directeur, haitafanya kazi."

"Saketi iko moja, hapana?"

"Mchoro iko moja. Maji haiko moja."

"Mama, mimi niko na lori moja! Sina wakati ya masomo."

Nilitoka bila kubishana zaidi. Nikarudi na ndoo ya maji ya bomba, betri, taa ndogo ya kusimama mahali pa pampu, na kadi niliyoivalisha kwa orodha ya kiwanda, pamoja na rola nzima ya kebo ili ifanane na urefu wa mgodini. Niliiweka ndoo juu ya meza yake, katikati ya makaratasi. Nikatumbukiza sonda ndani ya maji. Taa haikuwaka.

"Iko imekufa hii," akasema.

Nilichukua chumvi kutoka kwenye kikopo nilichokuja nacho, nikamimina na kukoroga. Maji yakaanza kupitisha umeme kama yale ya kiwandani, taa ikawaka.

"Kambove hatuna chumvi," nikamwambia. "Maji itafika mu kifua ya bantu, na kadi itaendelea kusema mgodi iko mukavu."

Aliitazama taa. Kisha akaangalia makaratasi yake yaliyolowa, akacheka, na mimi sikuwa nimemsikia akicheka tangu uporaji.

"Bon. Toa ndoo yako mu bureau yangu, kisha uniambie unahitaji nini."

Nilihitaji ruhusa ya kufungua radio na televisheni mbovu zilizorundikwa ghalani. Akanipa. Nilisoma maelezo ya Shefu Kalonji kipande kwa kipande. Palipoandikwa kwamba kipande kimechaguliwa kwa ajili ya kebo ndefu, nilitafuta ndani ya zile radio kitu chenye tabia ileile, nikakipima, nikakiingiza kwenye orodha ya varianti ya nne pamoja na sababu yake. Pale ambapo kipande cha kawaida kingetosha, nilikiandika kwenye orodha ya lori. Sikukisia hata kipande kimoja. Lori liliporudi, nililehemu kadi, na mkurugenzi akanituma Kambove nikaziweke mwenyewe.

Huko nilipokelewa na msimamizi wa shimo, Papa Ilunga, mzaliwa wa palepale, ambaye familia yake ililima maeneo hayo kabla mgodi haujafika. Kadi ya kwanza ilifanya kazi vizuri. Nilimwachia ya pili aiweke kwenye pampu ya chini kabisa, mimi nikaenda kwa wakubwa wa mgodi kutoa ripoti.

Kesho yake umeme ukaanza kuchezacheza, unakuja na kukatika, unakuja na kukatika. Nilikuwa juu ya shimo Papa Ilunga alipopokea simu kutoka chini. Alisikiliza, kisha akanigeukia.

"Mama, pampu ya chini haiwake. Maji iko mu magoti, na benche inakataa kupanda sababu ya umeme."

Benche ni lile tundu la chuma linalopandisha wachimbaji. Kwa umeme ule lisingeweza kuwatoa wote upesi. Bila pampu, maji yangewatangulia. Lakini nilijua jinsi ya kutafuta. Kadi yenyewe ilikuwa kwenye chumba cha umeme hapo juu. Nilizima, nikaifungua, nikaweka kando yake orodha ya varianti ya nne, nikaanza mstari wa kwanza kwa sauti ili akili isikimbie. Kinawekwa, kipo. Kinabadilishwa, kipo. Tupu.

Hapakuwa tupu. Palikuwa na kondensata, kile kipande kinachotunza umeme kidogo ndani yake, inang'aa, imelehemiwa kwa usafi kabisa.

"Nani aliweka hii?"

"Ni miye," alisema Papa Ilunga. "Niliona nafasi iko wazi, nikasema banasahau ku Lubumbashi. Nilikuwa na moja, ya kadi ya kiwanda, nikaweka."

Kondensata ile inachelewesha pampu kuwaka. Kiwandani inafaa, kwa sababu povu la asidi huigusa sonda na kuidanganya. Kambove, umeme ukichezacheza, kila ukirudi kadi inaanza kungoja upya, na pampu haipati nafasi ya kuwaka. Ndiyo maana Shefu aliiandika tupu kwenye orodha ya Kambove, na mimi nikairithi tupu. Nilichukua koleo nikaikata. Tukarudisha kadi. Umeme ukaja, ukakatika, ukaja. Na safari hii pampu ikashika mara moja. Tulilisikia bomba la kutolea maji likitetemeka kabla ya kuyaona. Papa Ilunga alishika simu sikioni muda mrefu. "Yanashuka," akasema, "yanashuka," na akaketi chini palepale, juu ya sakafu ya saruji, mtu mzima wa heshima. Wote walipanda. Mmoja wao, kijana mwenye matope mpaka shingoni, alinisalimia kwa kunishika mkono kwa mikono miwili bila kujua mimi ni nani.

Sikumgombeza Papa Ilunga. Alifanya alichofanya fundi mwenye nia njema. Kosa lilikuwa kwamba orodha ilibaki Lubumbashi na kadi ikaenda peke yake. Tangu siku ile, kila kadi iliondoka na orodha yake ndani ya sanduku, na penye tupu paliandikwa: "Tupu kwa makusudi, usijaze." Nami nikaongeza sheria yangu juu ya ile ya Shefu: andika kile ulichoweka, si kile ulichotaka kuweka. Papa Ilunga alikuwa wa kwanza kuifuata, na alikuwa mkali kwayo kuliko mimi.

Sehemu ile ya mgodi ilifungwa baadaye, na maabara nayo. Niliajiriwa na Papa Kambale, mfanyabiashara Mnande kutoka mji wa Butembo, mwenye malori na maduka ya jumla. Alitaka chaja za betri kwa ajili ya zile radio za kuongelea masafa marefu, tulizoziita foni, maana vita vilikuwa vimekata barabara na kila familia ilitaka sauti ya watu wake. Karakana yetu ilikuwa kwenye mtaa wa Hewa Bora. Lori lina volti zake, parokia yenye sola ina zake, nyumba yenye umeme wa mji ina zake, kwa hiyo chaja nayo ilikuwa mchoro mmoja, varianti tatu. Papa Kambale alikuwa na maswali machache. "Mama, mutu akinunua ya lori na akaweka ku nyumba, itaungua?" Nikamwambia itaungua. "Basi tupake rangi tofauti inje." Lilikuwa wazo zuri kuliko mengi yangu, nikaongeza rangi kama mstari kwenye orodha ya kila varianti.

Nilistaafu macho yalipoanza kukataa vipande vidogo. Siku ya mwisho mtoto wa Papa Kambale, aliyekuwa amerithi kazi ya baba yake, aliniuliza kwa wasiwasi watampigia simu nani wakikwama. Nikamwambia wafungue programu, wasome. Hakuna nilichokijua mimi ambacho hakikuandikwa mle, pamoja na sababu.

Wiki za kwanza niliweka simu karibu na sahani nikila. Haikulia. Mwezi ukapita, kisha mwaka, na karakana inauza chaja kama kawaida. Naziona sokoni, za rangi zote. Mwanzoni iliniuma, siwezi kukataa. Sasa asubuhi nanywa chai yangu polepole, na simu naiacha chumbani.