Mstari wa Tatu Niliouacha

Katika klabu yetu ya Jumamosi, kazi yangu ilikuwa kunakili maswali. Tulikutana kwenye ukumbi mdogo nyuma ya parokia, hapa Nyakabiga, na aliyetuongoza alikuwa muuguzi mstaafu ambaye sote tulimwita Tantine. Alitufundisha jinsi ya kukataa pombe bila kugombana na rafiki, jinsi mvulana anavyopaswa kumheshimu msichana, jinsi ya kuwa safi hata wiki ambayo bomba halitoi maji. Mezani kwake kulikuwa na boksi la viatu lenye tundu kwenye kifuniko. Mwenye swali la aibu aliliandika bila jina akalitumbukiza humo.

Tatizo ni kwamba vijana wa mtaa mmoja wanajuana hadi miandiko. Kwa hiyo Tantine alitaka mtu mmoja awe anafungua boksi kabla ya somo, anakili kila swali katika daftari kwa mkono wake, halafu achome karatasi zote kwenye mbabula, lile jiko la makaa. Yeye mwenyewe alisoma daftari tu. Alinichagua mimi.

"Huyu sawa," kijana mmoja alisema. "Huyu hata ukimukanyaga mguu, anakuambia pole."

Walicheka, na mimi nikacheka nikiangalia miguu yangu. Ni kweli, siwezi kusema mbele ya watu. Niliishia darasa la sita, naandika polepole, na maswali matano yalinichukua karibu saa nzima. Lakini nilijivunia kazi ile. Hakuna kitu kingine nilichokabidhiwa peke yangu.

Sharti lilikuwa moja. Swali likisema "mimi" na likiomba msaada, nisilinakili. Nimpelekee Tantine karatasi yenyewe. Siku hiyo hatalisoma, ila mwisho wa somo atasema tu kwamba anabaki ukumbini hadi jioni na mlango uko wazi. Nilifanya hivyo mara mbili. Nani alirudi mara hizo mbili, sijui, na sikuuliza.

Sasa nieleze juu ya mdogo wangu. Tumepishana mwaka mmoja. Mama yetu anauza pilipili kavu ya kusaga, na tangu tukiwa wadogo sisi wawili tulikaa mkekani tukiifunga katika vipande vya karatasi. Mama ana mfungo wake: unakunja pande mbili, unapindua, kisha pembe ya mwisho unaichomeka ndani ya tumbo la karatasi. Hakuna gundi, hakuna uzi, na ukiitupa ukutani haifunguki. Mdogo wangu alifunga vitatu wakati mimi nafunga kimoja. "We dada," alikuwa akiniambia, "pilipili itaota miti mikononi mwako."

Mwaka huu alianza kubadilika. Alilala mchana. Alivaa mikono mirefu katika joto la saa sita, akajikuna shingo mpaka ngozi ikatoka. Mama alisema ni malaria. Redio ilipotoweka alisema tumeibiwa, na viatu vyangu vya kanisani vilipotoweka hakusema kitu. Mimi nilijua jina la kitu chenyewe, kila kijana wa Bujumbura analijua. Ni boost, ule unga wa heroini unaowamaliza wenzetu. Nililijua na nikanyamaza, kwa sababu kunyamaza ndicho ninachoweza.

Jumamosi moja nilifungua boksi, na katikati ya karatasi zilizokunjwa ovyo nikaona kifurushi cha pilipili. Kilikuwa chepesi, hakina pilipili ndani. Vidole vyangu vilikifungua vyenyewe. Kulikuwa na mistari mitatu, mwandiko wa mdogo wangu:

Mutu akianza boost, mwili wake unakuwa namna gani?
Anaweza kuacha?
Ni mimi. Nisaidie.

Nilidhani mkono wake umejisahau, umekunja kwa mazoea. Nilidhani hakujua kwamba amejifichua.

Nilipaswa kusimama, kutembea hatua sita na kumpa Tantine karatasi ile. Sikusimama. Niliwaza kwamba Tantine akibaki na mlango wazi, watu watavizia waone nani anarudi. Niliwaza wanunuzi wa mama, nani atakula pilipili iliyofungwa na mikono ya nyumba yetu? Nikajiambia nitazungumza naye mwenyewe nyumbani, mimi ambaye dukani hunyoosha kidole kwa kuogopa kuuliza sabuni ni bei gani. Nikachukua kalamu, nikanakili mstari wa kwanza, kisha wa pili. Wa tatu niliuacha. Karatasi niliitia katika mbabula, na ilikunjuka ikiungua, pembe moja baada ya nyingine.

Tantine alisoma ile mistari miwili, akajibu kama mtu anavyowajibu vijana ambao bado hawajaanza. Alitaka tuogope.

"Unaniuliza kama anaweza kuacha? Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Niliowaona wameacha, nawahesabu kwa mkono mmoja. Boost inamla mtu mpaka anamwibia mama yake na halii."

"Tantine," mmoja alipaza sauti nyuma, "huyo aliyeuliza, tumupekue mifuko!"

"Fichieni simu zenu!" mwingine akadakia. "Mi naona yangu inatetemeka!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mdogo wangu alikaa karibu na dirisha. Alicheka pia, lakini ni mdomo tu uliocheka. Halafu aligeuka akaniangalia, hakuangalia pengine, mpaka mimi ndiye niliyeinamisha macho kwenye daftari. Tantine alienda kwenye swali jingine, la mtu aliyeuliza kama ni dhambi kumkopesha rafiki sare. Mwisho wa somo alifunga mlango kwa ufunguo kama kawaida, na wote tukaenda.

Jioni ile tulikaa mkekani, karatasi katikati yetu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu njiani. Nilifungua mdomo nikasema, "Nipe mkasi." Akanipa. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote. Jumatatu aliondoka na hakurudi. Hakuchukua kitu chochote cha nyumbani, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Mama aliwaambia majirani kwamba amemtuma kwa mjomba, huko Kibenga. Aliitaja Kibenga mara nyingi hivi kwamba nadhani nusu ya moyo wake iliamini. Kila asubuhi aliweka bakuli lake, na kila jioni alikula mwenyewe kilichokuwemo.

Wiki ya tatu nilimkuta mtaa wa Rohero, karibu na lile soko kuu lililoungua, akilinda magari pamoja na vijana wengine. Alikuwa na kitambaa kichafu begani. Shingo yake imekuwa nyembamba kama ya mtoto.

"Mama iko muzima?" aliuliza.

"Iko. Anakutafuta."

"Na we, bado unanakili?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Aliangalia pembeni.

"Ilikuwa mistari tatu, dada. Tantine alisoma mbili. Nikasema ngoja, labda atageuza ukurasa."

"Niliogopa watu wajue."

"Watu gani?" Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Ile boksi, we peke yako ndiye unafungua. Mi najua. Niliifunga sawa na pilipili kusudi ujue ni mi. Kukuambia kwa mdomo nilishindwa, na we kuniuliza ulishindwa, basi nikaandika. Ile karatasi haikuwa ya Tantine."

Nikasema, "Njo nyumbani."

"Apana. Si leo."

"Kesho?"

"We dada, ulifikiri kesho iko wapi?" Alicheka kidogo, kama zamani, kisha akajikuna. Gari likaingia. Alikimbia mbele yake akipunga kitambaa, akamwita dereva "patron", yaani bosi, na lilipokwisha kuegeshwa alipita na wenzake nyuma ya ukuta. Nilimsubiri mpaka wenye maduka wakaanza kufunga. Hakutokea.

Siku hiyohiyo nilienda kwa Tantine, na kwa mara ya kwanza nilimwambia mtu mzima jambo refu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikwama mara nyingi. Nilitaka anifokee. Yeye alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge.

"Ningebaki," alisema. "Na yale ya mkono mmoja nisingeyasema." Baadaye akasema tena, kama anajiambia mwenyewe, "Ningebaki."

Mama nilimwambia siku iliyofuata. Alinisikiliza akiendelea kufunga pilipili, lakini vifurushi vile vilifunguka vyote.

Nimerudi Rohero mara nne. Mara mbili alinikimbia. Mara moja hakuwepo. Mara ya mwisho nilimtia mkononi kifurushi, nimekifunga kwa mfungo wa mama. Ndani niliandika: Ni mimi. Jumamosi nitabaki mlangoni. Alikitia mfukoni bila kukifungua. Sijui kama amekifungua. Sijui hata kama ule mfuko bado anao, kwa sababu anauza kila kitu, na shati pia linauzwa.

Jumamosi iliyopita wenzangu walipoondoka mimi na Tantine tulibaki. Tulikalia benchi tukiangalia mlango ulio wazi. Alipita mbuzi, akapita muuza maandazi na ndoo yake, wakapita watoto wakisukuma tairi. Kila kivuli kilichofika kizingitini kilinisimamisha. Adhana ya Magharibi ilisikika kutoka upande wa Buyenzi, na bado hakuwa amefika. Tantine alinyanyuka taratibu, magoti yanamuuma, akatoa ufunguo.

"Nifunge?" aliuliza.

"Apana, Tantine," nilisema, na sauti ilitoka kubwa mpaka ikanishtua. "Bado."