Kesi ya Twaiba

Tangu utotoni Twaiba hakuwahi kutulia. Mama yake, Bi Saumu, ambaye hushona sare za shule nyumbani kwao Msambweni, alikuwa akisema kwamba mwanawe alizaliwa na mguu mmoja wa cherehani: akikaa tu, mguu unaanza kukanyaga. Alisomea uchumi chuo kikuu, akarudi nyumbani, akapata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Diani. Kazi haikuwa mbaya. Ila kila alipomaliza zamu alijiona kama mtu aliyeachwa na gari, naye hata hajui lilikuwa likienda wapi.

Mwezi wa Februari, kampuni moja ya ushauri wa biashara huko Nairobi, ambayo aliiandikia kwa kubahatisha tu, ilimjibu. Ilimwalika kwenye mahojiano kwa njia ya video. Sehemu kubwa ya mahojiano hayo, barua ilisema, ingekuwa kesi.

"Kesi?" Bi Saumu aliuliza, sindano ikiwa mdomoni. "Umemkosea nani?"

"Si ya kortini, mama. Ni mtihani wa kazi."

Bi Saumu akaitikia, lakini kwa namna ya mtu ambaye hajaridhika.

Twaiba mwenyewe hakujua zaidi ya hapo. Aliyemfungua macho ni Judy, mwenzake wa mapokezi, msichana wa Kiambu aliyeshuka pwani kutafuta kazi. Walitazama video kwenye simu ya Judy mpaka wakaelewa: anayekuhoji anakupa kampuni yenye shida. Wewe unamuuliza maswali, unaipasua ile shida vipande vipande, unapiga hesabu kwa kichwa, kisha unamwambia kampuni ifanye nini na kwa sababu gani. Hakuna jibu la kukariri. Wanataka kuona unavyofikiri.

"Sasa mtu ataonaje ninavyofikiri?"

"Utafikiri kwa sauti, mami," Judy alisema. "Mimi ndio nitakuwa boss. Kaa hapo."

Wakawa wanajifunza kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, baada ya wageni kumaliza chakula cha mchana. Judy alisoma kutoka kwenye simu, sauti ameikaza kama mkurugenzi.

"Mteja wetu ana kiwanda cha maziwa. Mauzo yanapanda kila mwaka, lakini faida—"

"Gharama!" Twaiba alidakia. "Gharama zimepanda. Tunazigawa mara mbili, zile zinazobadilika na zile—"

"Twaiba, si ungoje nimalize swali?"

"Lakini nimepatia?"

"Hujapatia. Jamaa amepunguza bei ndio auze mingi. Ningekuwa boss wa ukweli ningekuwa nishafunga laptop."

Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake, na aliijua. Alikuwa amekariri mpangilio mmoja, wa mapato, gharama, soko na washindani, na kila kampuni aliyopewa aliisukumiza humo hata kama haienei. Hesabu alizifanyia mazoezi njiani, akizidisha na kugawa huku midomo inacheza, hata watu wa dukani wakawa wanamtazama. Siku moja alijipa swali la kukadiria magodoro yanayonunuliwa Kwale kwa mwaka, akamuuliza mama yake magodoro ya nyumbani yana umri gani. Bi Saumu alinuna mpaka jioni. "Yana nini magodoro yangu?" alisema. "Umelalia nini miaka yote hii?"

Lakini jambo lililomshinda kabisa lilikuwa kunyamaza. Wataalamu wa kwenye video walishauri hivi: ukishapewa swali, omba dakika moja, kaa kimya, uandike, uyapange mawazo yako, ndipo useme. Dakika moja tu. Twaiba hakuiweza. Kimya kikianza alihisi kifua kinajaa moshi, na kabla ya nusu ya dakika neno lilikuwa limeshamtoka. Judy alijaribu kumwekea saa, akajaribu kumfinya, akachoka.

"Wewe utaanguka kwa hiyo dakika," alimwambia bila kumficha. "Si kwa hesabu."

Nyumbani aliendelea peke yake, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya joto. Alijiuliza na kujijibu kwa sauti. Jirani yao, Bi Sidi, alikuwa akianua nguo upande wa pili wa ua, na alichokisikia ni hiki: "Kampuni imepata hasara. Tutafute pesa zimepotelea wapi. Nani alikuwa akizishika?" Siku iliyofuata akamsikia Twaiba akimwambia mama yake, "Kesi yangu ni Jumanne, uniombee." Bi Sidi hakuhitaji zaidi. Alimhurumia kwa dhati, na kwa huruma hiyo akawaambia wawili watatu.

Jumapili asubuhi Mjomba Chande akafika. Alikuwa kaka yake Bi Saumu, mwalimu wa madrasa kule Shimoni, mtu mpole asiyetoka kwake ila kwa msiba au harusi. Alikuja amevaa kanzu ya Ijumaa.

"Shikamoo, mjomba," Twaiba alimwamkia, akishangaa.

"Marahaba, mwanangu. Keti." Akaketi yeye kwanza. Akakohoa. "Mimi sikuja kukuhukumu. Binadamu hukosea. Kama ni pesa za hoteli, tuambie sisi watu wako, twende kwa hao wenyewe tuzungumze nao kwa wema kabla ya Jumanne. Mambo ya kortini si mazuri kwa mtoto wa kike."

Bi Saumu akaangusha kitambaa. Twaiba alimtazama mjomba wake, akamtazama mama yake, akacheka. Kisha akaanza kulia kwa hasira, maana siku zilikuwa zimebaki mbili, na mji mzima ulikuwa unamwona mwizi kwa mtihani ambao hata hajui kuufanya. Aliwaeleza yote kwa mpigo mmoja: kampuni, video, kiwanda cha maziwa, ile dakika.

Mjomba Chande alisikiliza mpaka mwisho. Aibu ilimshika waziwazi.

"Astaghfirullah," alisema. "Nimekudhania vibaya. Niwie radhi. Sasa hayo maswali, mtu yeyote anaweza kukusomea?"

"Anaweza, mjomba."

"Yalete."

Akavaa miwani, akaishika simu mbali na uso wake, akaanza kusoma. Alisoma kama afundishavyo, neno moja moja, akitua kila penye kituo, akirudia mstari akiona hakuusoma sawasawa. Swali lilihusu mwenye maduka ya dawa anayetaka kufungua mengine katika miji midogo. Mara mbili Twaiba alifungua kinywa kumkatiza, na mara mbili akakifunga, kwa sababu mjomba hakatizwi. Alipofika mwisho, mzee aliiweka simu mezani, akamhurumia yule mwenye maduka kwa kutokuwa na jamaa wa kushauriana naye, kisha akainua kikombe chake cha chai.

"Niseme, mjomba?"

"Ngoja nimalize chai."

Akangoja. Kifua kilijaa vilevile, vidole vilicheza juu ya karatasi, lakini hapakuwa na pa kukimbilia. Kwa kukosa la kufanya akaandika alichokisikia. Akaandika asichokijua. Akagundua kuwa hakujua hata huyo mtu anataka nini hasa, faida zaidi au jina kubwa zaidi. Mzee alipokiweka kikombe chini, Twaiba hakujibu. Aliuliza swali.

Walifanya hivyo hadi adhuhuri, wakaendelea baada ya swala. Mjomba hakuelewa nusu ya alichokisoma, naye hakudai kuelewa.

Jumanne Judy alimshikia zamu, na meneja akamruhusu kutumia chumba kidogo cha mikutano. Aliyemhoji aliitwa Bwana Japheth, mtu wa maneno machache. Alimpa kampuni ya mikate ambayo magari yake yalikuwa yakizunguka miji mingi zaidi huku faida ikipungua. Twaiba aliomba dakika moja. Chini ya meza mguu ulikwenda kasi kama una sare hamsini za kumaliza, lakini juu ya meza alikuwa kimya, akiandika. Katikati ya hesabu alidondosha sufuri, akaendelea, kisha akasimama. "Samahani, nimekosea hapo nyuma. Naomba nirudi." Akarudi.

Baada ya wiki moja walimpigia. Bwana Japheth alimwambia kuwa alipanga vizuri na alisikiliza vizuri, lakini hesabu zake zilikuwa za polepole kuliko walivyotaka. Hawangemchukua. Angeweza kuomba tena mwaka ujao.

Siku tatu hakutaka kusemeshwa. Alifanya kazi zake, akatabasamia wageni, akirudi nyumbani analala na viatu. Siku ya nne alimwambia Judy kuwa mwaka ni mrefu mno, hawezi kuukaa. Wakatafuta pamoja, wakapata ofisi ndogo ya Mombasa inayoshauri vyama vya ushirika na viwanda vya korosho. Waliomhoji walikuwa wawili, mmoja wao mama mtu mzima aliyezungumza taratibu. Safari hii Twaiba alikuwa amezinoa hesabu kwa mwezi mzima. Walimchukua kwa miezi sita ya majaribio.

Jumatatu ya kwanza aliondoka kabla jua halijakaza. Bi Saumu alimfuata hadi barabarani, akimuuliza kama amechukua shuka, kama amechukua dawa ya kichwa, kama anajua nyumba ya binti Mwero, jamaa yao wa Mombasa, atakakofikia.

"Nimechukua, mama. Najua, mama."

"Basi simama nikuombee dua."

Twaiba akasimama, begi begani, macho yameshatangulia kwenye kona ambako gari litatokea.