Meza ya Mlangoni Yaondolewa, Munira Arudi Kambini

"Kwani mtoto wangu ako na kifua kikuu, Mama Oluoch? Ndiyo mkamtengea meza huko mlangoni?"

"Mama Munira, Mungu ananiona. Hiyo ilikuwa heshima!"

"Heshima gani ya kukula ukitazamwa kama mgonjwa?"

Ni asubuhi katika ploti moja mtaani Langas, mjini Eldoret, na mfereji umeachwa wazi ukimwaga maji. Majirani waliokuja na mitungi hawana haraka. Ugomvi mtamu hivi haukatizwi eti kwa sababu ndoo imejaa.

Anayejitetea ni Maximilla Akumu, 49, ndiye Mama Oluoch, mpishi wa kambi ya watoto inayofanyika kila likizo ya Agosti na Desemba katika chekechea ya jirani. Anayemkaanga ni Khadija Nur, muuza vitambaa. Milango yao imetazamana tangu watoto wao wakitambaa.

Akumu alitoka Siaya akifuata kazi ya jikoni. Amepikia watu wa mjengo, amepikia harusi, amepikia matanga. Kambini analipwa shilingi mia saba kwa siku.

"Lakini kazi yenyewe ni mtoto asirudi kwao na njaa," anasema. "Hata yule hajalipa kitu."

Miaka yote, watoto wa Kiislamu wa mtaa huo waliishia kuchungulia kambi kupitia ua. Sufuria za pale zilipikiwa nyama ya nguruwe pia, na wazazi wao walijua.

"Nilichoka kuona macho kwa ua," Akumu anasimulia. Mwaka huu alimbembeleza Khadija mpaka akamwachilia Munira, bintiye wa miaka tisa. Akamnunulia kisufuria kipya na mwiko wake, akampikia kando. Ili nyama ya nguruwe isiguse sahani yake kwa bahati mbaya, akamwekea meza yake mlangoni.

Akadhani amemaliza. Wapi! Wenzake Munira walikuja mmoja mmoja kumuuliza anaugua nini. Siku ya pili akala sahani ikiwa magotini, chini ya meza. Leo amekataa hata kuvaa viatu.

Sasa hapo mferejini, Khadija anatupa neno la mwisho.

"Na hao wengine hawawezi kula nyama ya Abdirizak? Wewe mwenyewe si unapanga laini kwake kila Jumapili?"

Ploti nzima inaangua kicheko. Bucha ya Abdirizak huchinja Kiislamu, na foleni yake haijawahi kuuliza mtu kabila wala dini. Akumu anashika kiuno, kisha anacheka kuliko wote.

"Ni ukweli! Oluoch wangu amekuzwa na hiyo nyama. Aki nilisahau!"

Basi kiwe chungu kimoja, nyama ya Abdirizak kwa wote. Lakini Bethwel, msimamizi wa kambi, ambaye pia amekuja na mtungi wake, anakuna kichwa: sufuria ya kutosha watoto tisini, isiyojua nguruwe, itatoka wapi?

Khadija anaingia nyumbani, anatoka akiviringisha ile sufuria yake ya pilau ya Idd.

"Irudi bila shimo," anaonya. "Ama tutaonana."

Kufikia saa saba, Munira amebanwa katikati ya benchi refu, anagombania kiazi na msichana aitwaye Jepkemboi. Hakuna anayemuuliza anaugua nini.

Akumu anaegemea ukuta, leso begani. "Nilikuwa nimemfukuza mtoto wa jirani kwa mikono yangu mwenyewe, nikiita heshima," anasema. "Sasa nimepumua."

Kambi ya Desemba anataka iwe na sufuria kubwa yake yenyewe. Mzazi asiye na ada alete kuni au viazi. Na ile meza ya mlangoni? Ameagiza fundi aipasue, mbao zilazwe juu ya ngazi za mlangoni, ili Kimeli, mtoto wa kambi anayetumia kiti cha magurudumu, asibebwe tena kama gunia.

Getini kuna mtu amesimama, anajifanya anapita.

"Nimekuja kuangalia sufuria yangu tu," Khadija anasema.

"Sufuria iko na kazi, Mama Munira. Utasimama hapo mpaka pilau ipoe? Ingia. Munira, songea mama yako akae, tukule."