Dereva wa mikate anayejifunza kutogeuza gari

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, gari la mikate linapanda tuta lililo mbele ya shule, linashuka, na dereva wake anakunja uso. Ameukaza usukani hadi mishipa ya mikono imetoka. Anatazama kioo cha pembeni mara moja, anataka kutazama tena, anajizuia. Nyuma hakuna mtu. Moyoni mwake ameshaua.

Wenye maduka wanamwita Rivasi, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka minne, kila alipopita tuta au shimo alihisi amemkanyaga mtu, akageuza gari kwenda kuhakikisha. Hakuona kitu. Akiondoka tu, wazo linamrudia: je, kama ametupwa mtaroni? Anageuza tena. Safari ya saa mbili ikawa ya saa tano, na mikate ya chai ya asubuhi ikafika mchana.

"Watu walicheka, nami nikacheka nao," anasema baba huyu wa watoto wawili. "Ungefanyaje? Umwambie mwenye duka unatafuta maiti ambayo haipo?"

Aliwahi kujipeleka polisi akaomba akamatwe. Askari wa zamu akamnusa mdomo, akamwambia aende akalale. Lo! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu aliyatoa hadharani na hakuna aliyeyatambua.

Daktari ndiye aliyeyatambua mwishowe. Alimweleza kuwa ni ugonjwa wa akili unaomletea mtu wazo la kutisha na kumlazimisha arudie tendo fulani ili atulie, na utulivu wenyewe haudumu. Tiba ziko mbili, dawa na mazoezi ya kuikabili hofu chini ya mshauri. Wapo wanaotosheka na moja, alisema, ila kwa hali yake alishauri zote.

Alianza na dawa, maana kumeza ni rahisi kuliko kusema. Wiki za mwanzo zilimtesa kwa kichefuchefu na usingizi wa mchana, daktari akamwamuru aegeshe gari. Siku tisa bila kazi, siku tisa bila ujira. Mwezi wa tatu hofu ikashuka, kama redio ya jirani iliyopunguzwa sauti. Akajiona amepona, akaacha vidonge kimyakimya. Haukupita muda akawa palepale, na tajiri wake akachoka: hadi mwisho wa mwezi huu awe anamaliza safari kabla ya saa tatu, la sivyo akabidhi funguo.

Ndipo akarudia dawa na kukubali mazoezi. Mshauri alikaa naye kiti cha mbele, wakapita tuta lilelile mara kumi bila kugeuka.

"Nilitoka jasho, nikalia. Nilimchukia yule mama mshauri," anasema. "Dawa inaipunguzia hofu sauti. Mazoezi yananifundisha kutoitii. Moja bila nyingine, mimi nisingeweza."

Mshauri huyo huja mara moja kila wiki mbili. Siku nyingine wamebaki wenyewe, dereva na mkewe, fundi cherehani, ambaye ndiye aliyeangukiwa na sharti gumu kuliko yote. Kila jioni mume alimuuliza kama hajagonga mtu, naye akamjibu, "Hujagonga, baba watoto." Mara ishirini, mara thelathini. Siku nyingine walitoka na tochi kukagua barabara. Mshauri alimwambia mke kuwa jibu hilo la huruma ndilo linalolisha ugonjwa, asilitoe tena.

"Namwona anaungua, maji ninayo mkononi, na nimekatazwa kumwagia," anasema mke bila kuinua macho kutoka kwenye pindo. "Kuna siku ananiona mkatili. Hata mimi hujiona hivyo."

Leo mume amemaliza saa tatu na dakika kumi. Zimebaki siku tisa. Anasema anataka kazi yake ibaki, halafu siku moja ampakie binti yake kwenye gari ampeleke shule, jambo ambalo hajawahi kuthubutu. Kisha anamgeukia mkewe.

"Leo sikugonga mtu, eti?"

Cherehani inaendelea. Mume anakaa, viganja juu ya magoti, dakika tano, dakika kumi. Hatimaye anainuka kwenda kuoga, na ndipo mke anaposimamisha mguu. Anajifuta macho kwa kitambaa cha mteja.

"Jana aliuliza mara sita," ananong'ona. "Leo ni hiyo moja."