Saini Niliyoifuata Mikumi

Niliondoka Kilosa kwenda Mikumi kutafuta saini. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mashirika ya umma yanauzwa na watumishi wanapunguzwa. Sisi wahandisi tuliobaki ofisi ya ujenzi ya wilaya tuliambiwa wazi kwamba asiyesajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu ajitafutie pa kwenda. Bodi ya usajili ilitaka ushuhuda wa mhandisi aliyenisimamia. Wangu alikuwa Injinia Mdoe, aliyekuwa ameacha kazi ya serikali na kufungua kampuni yake ya ujenzi Mikumi. Nilimwandikia mara kadhaa, hakujibu.

Asubuhi nilipata nafasi juu ya lori la mahindi. Kufika kijiji cha Ulaya, njiani, nilikuwa mwekundu kwa vumbi, nimeukumbatia mkoba wa vyeti, najiuliza kwa nini mtu aliyeiona kazi yangu kwa macho yake abembelezwe kusema ameiona.

Mikumi nilifika alasiri, nikafikia kwa shangazi yangu, Bi Mwanahawa, kijijini nje kidogo ya mji.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu." Nilipomweleza kilichonileta, akasema, "Huyo Mdoe wako ndiye anayetujengea daraja, na mimi ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Mvua zilizopita tulimzika mama mjamzito. Alishindwa kuvuka kwenda zahanati."

Kesho yake tulikwenda kijitoni pamoja na wanakamati wake. Nililitambua daraja kabla sijamwona Mdoe. Lilikuwa langu, nililolichora kwa ajili ya kijiji cha Chanzuru, kule Kilosa, Mdoe akiwa msimamizi wangu. Kule niliupinda ukuta wa kushoto kwa sababu kijito kinakata kona. Hapa kijito kimenyooka, na ukuta umepindwa vilevile. Mwizi hakujua hata sababu ya alichoiba. Kibaya zaidi ni msingi. Chanzuru tulikuta mwamba. Hapa mafundi walikuwa wakifunga nondo juu ya mchanga, kwa kina kilekile.

Mdoe alikuwa ameketi kwenye gari lake. Nilimwamkia, kisha nikasema, "Injinia, mchanga huu utachimbwa na maji mvua za kwanza tu. Udongo ulipimwa?"

"Binti, umekuja kutafuta saini au kunikagua?"

"Nimekuja kwa saini."

"Basi lete fomu. Nasaini sasa hivi, nawe upande gari urudi Kilosa. Ukishasajiliwa utakuwa na ruhusa ya kuzungumza."

Kalamu alikuwa ameshaitoa. Niliufunga mkoba, nikawaendea shangazi na wanakamati wake, nikachukua kipande cha nondo na kukididimiza kwa mkono ndani ya shimo la msingi. Kilizama bila kugota popote.

"Mafundi, wekeni vifaa chini," shangazi alisema, wala hakupaza sauti. "Mawe haya tumeyabeba kichwani. Hatuyamwagi mtoni."

Mdoe alinigeukia kwa upole ulioniuma kuliko tusi. "Mimi sikujui," alisema. "Hujapata kufanya kazi chini yangu."

Safari ya kurudi sikuona nyika wala mlima. Nililia kwa hasira, uso nimeugeuzia pembeni abiria wenzangu wasinione. Mhuri wa mtu yule ulikuwa halali, na mimi niliyejua kwa nini daraja lingeanguka nilikuwa si mtu.

Nilipofika Kilosa niliieleza bodi yote kwa maandishi. Ilimteua mhandisi mwingine, naye akanihoji kulekule Chanzuru, kwenye daraja langu, juani, mpaka maswali yakamwishia. Mwaka uliofuata nikasajiliwa. Kijiji cha shangazi kilitafuta mkandarasi mwingine, akachimba hadi kwenye ardhi ngumu, na watu wanavuka. Mdoe aliendelea kushinda zabuni. Hilo linanikera hadi leo.

Usajili nautetea, maana daraja si mchezo. Nisichokubali ni mtu mmoja kuukalia ushahidi wa jasho la mwenzake. Siku hizi wahitimu huniletea mimi fomu zao. Nami nasaini siku hiyohiyo, au namweleza mtu usoni kwa nini sisaini. Asiwepo tena wa kupanda lori kwenda kuomba ukweli wake mwenyewe.