Majina Matatu, Dawa Moja

Siku yangu ya kwanza famasini Rumonge nilijiona nimeshafuzu. Nilikuwa nimetoka kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, huko Magara, na aliyebishana bei na wanawake wa Magara haogopi mteja. Mkuu wangu, muuguzi tuliyemwita Mama Muforomo, alinipa kopo la vidonge nihesabu. Nikahesabu mara mbili, kwa mazoea. Akasema hapo ndipo nitamfaa. Mengine ya sokoni niyaache mlangoni, hasa matabishi.

Matabishi ni ile nyongeza ya muuzaji: ukinunua ndagala, unaongezewa kiganja. Watu walidai hivyo hivyo kwa vidonge, na nyongeza waliimeza pamoja na dozi, isipotee bure.

Vita vilikuwa vimeshika barabara ya Bujumbura. Dawa zilikuja kwa boti kutoka huku na kule, kila sanduku na jina lake.

Asubuhi moja akaingia mwanamke aliyekimbia vita Gitaza na kuishi kambini, mkaushaji wa ndagala, mtoto mgongoni. Alieleza kwamba homa inashuka, inarudi, tangu juzi, na kwamba anataka dawa ya nguvu zaidi. Mama Muforomo hakugusa rafu. Aliuliza mtoto amekunywa nini mpaka sasa.

Mwanamke akafungua pindo la kitenge: vidonge vya kambini, pakiti ya unga ya sokoni, chupa ya dawa ya maji aliyopewa na jirani. Alikuwa akimpa zote. Mama Muforomo akazisogeza dirishani, akasoma maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa. Kote lilikuwa neno moja.

"Mama, zote tatu ni parasetamoli. Siuzi ya nne."

"Unaninyima sababu niko mukimbizi?"

"Nakunyima sababu mutoto iko na ini moja tu."

"Lakini anacheka, ona."

"Dawa hii ikizidi inaua ini, na ini halilii mapema, mama. Likianza kulia tumechelewa. Twende hospitali."

Akafunga famasi, yeye ambaye hakuifunga hata siku bunduki ziliposikika mlimani. Dawa zote alizibeba ili daktari azione. Nilibaki kizingitini na funguo, nikikitazama kidonge kimoja kiganjani, kidogo kama jicho la samaki. Kinatuliza homa ya mtu mzima, kikizidishwa kinamuua.

Mtoto alilazwa. Walikuta malaria nyuma ya ile homa, wakaitibu, na daktari akasema ini limewahiwa.

Baadaye nilihamishiwa Bugarama, kisha Gitaza, chini ya wakuu wengine, na maswali yalikuwa yale yale. Aspirini kwa mtoto mwenye homa? Hapana, mpaka daktari aseme. Ibuprofeni? Kula kwanza, mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba aulize kabla ya kumeza. Pombe juu ya vidonge? Ini litachagua lipi? Na ukizidisha, nenda hospitali hata kama unajisikia mzima.

Sasa nimestaafu. Mtoto yule ni fundi wa mashua hapo Magara. Nikipita humkuta akiinua ubao peke yake, jasho likimtiririka, akiwatania wenzake kwamba wanabeba kama wagonjwa. Huniita mzee, hunisalimia amahoro, huniuliza kama nataka kununua mashua, maana nasimama muda mrefu. Namwambia bei yake ni kali. Siwezi kumwambia kwamba ninachokitazama hakiuzwi: mtu mzima, aliye hai, ubao begani.