Fomu ya Gakii

Ukitaka kumfahamu Lydiah, muulize habari za shule. Pale kanisani Grand Prairie, Texas, Wakenya wakishatoka ibadani na kumiminiana chai, yeye ndiye aliyejigeuza ofisa wa elimu bila kuajiriwa na mtu. Binti yake Gakii, wa darasa la tatu, alikuwa amepata nafasi katika shule ya charter, zile shule za umma zisizotoza karo ila zinajiendesha zenyewe, na Lydiah hakuchoka kuisifu. Watoto wanavaa tai. Wanatembea kwa mstari, kimya, mpaka unasikia viatu. Akina mama waliguna kwa kijicho, naye akazidi kutia chumvi.

Kumbe alichokagua kilikuwa hicho tu, tai na kimya! Muuguzi mzima, mtu asiyemchoma mgonjwa sindano kabla ya kulihakikisha jina lake mara mbili, alimchagulia mwanawe shule kwa kutazama soksi za wanafunzi.

Na si kwamba hakuulizwa. Clothilde, Mkongo wa Fort Worth aliyekuwa msaidizi wa wauguzi kwenye wadi yake, alikuwa anamtafutia bintiye shule kiangazi kile kile Lydiah alipotafuta ya Gakii. Yeye alitembelea tatu, na karatasi ya maswali mkononi. Alitaka kujua kama kuna basi au ni mzazi kuendesha gari kila siku, walimu wangapi waliacha kazi mwaka uliopita, na watoto wangapi huondoka kabla ya mwaka kuisha. Siku moja wakitandika kitanda cha mgonjwa akamgeukia Lydiah.

"Na mutoto mwenye anabakia nyuma," akasema, "ni nani kule anamushika mukono?"

Lydiah alicheka. Akamjibu kwamba shule nzuri haina watoto wa kubaki nyuma. Clothilde akaendelea kunyoosha shuka.

Sasa wacha nikwambie alichokuwa anaficha Lydiah. Gakii alikuwa hajui kusoma vizuri. Walipokuwa wakiishi Kansas, kabla ya kuhamia Texas, kila asubuhi alitolewa darasani na kupelekwa chumba kidogo kwa mwalimu wa kusoma, naye mtoto alikipenda chumba hicho na alikuwa ameanza kusonga mbele, silabi kwa silabi. Lakini mama yake aliona haya. Mtoto wa muuguzi, kuitwa chumba cha pembeni! Watu wakimuuliza, alisema anaendelea vizuri, halafu akageuza mazungumzo haraka haraka.

Jina la Gakii lilipotoka kwenye kura ya bahati nasibu ya kugawa nafasi za ile shule, zikaja fomu. Mojawapo iliuliza kama mtoto amewahi kupewa msaada maalumu wa masomo. Karani alikuwa ameshamweleza kwamba kura ikishapigwa nafasi ni ya mtoto, jibu liwe lolote. Lydiah hakuamini. Kwao Meru shule ya maana ilikupiga intavyuu kwanza, na mzazi aliyetaja udhaifu alirudi na mtoto wake nyumbani. Akatia alama kwenye Hapana. Faili la Kansas alilipeleka kwa mkono wake, baada ya kuchomoa kurasa sita zilizohusu ule msaada. Kisha akamkalisha Gakii jikoni na kumwambia kwamba mambo ya kile chumba ni ya nyumbani, asimwambie mtu yeyote kule.

Mtoto akatii. Angefanyaje?

Oktoba shule ikapiga simu kusema kwamba Gakii anaomba kwenda chooni kila siku saa nne. Lydiah, na uuguzi wake, akawaza maambukizi ya mkojo. Alimpeleka akapimwa, mkojo ukaonekana safi. Akampunguzia juisi. Hakuuliza saa nne kuna somo gani.

Novemba wakaitwa, mama na mtoto. Mwalimu alikuwa msichana mpole, akaeleza bila kulaumu kwamba saa nne ndiyo zamu ya kusoma kwa sauti. Akaweka mezani ile fomu, sahihi ya Lydiah chini kabisa. Kama kuna mpango wa msaada kutoka shule ya zamani, akasema, mwalimu wao wa kusoma ataanza na Gakii kesho asubuhi. Kama hakuna, itabidi waanze kumchunguza upya, na hilo litafika hata mwisho wa Januari. Kisha akamwinamia mtoto, akamuuliza kama kuna mtu aliwahi kumsaidia kusoma.

Gakii alimtazama mama yake. Akashika ncha ya tai, akajibu kwa Kiingereza chake cha Kimarekani kwamba hapana.

Mwalimu akamgeukia Lydiah na kusubiri. Hapo ndipo pa kusema. Lakini kitu pekee alichoweza kuuliza ni habari za kazi za nyumbani. Akashukuru, akabeba mkoba, wakatoka.

Ndani ya gari Lydiah alikuwa ameshawasha injini Gakii alipozungumza. Mtoto huyu Kiswahili humtoka kwa nadra, anapotaka kumfurahisha mama yake.

"Mum, nimesema vile uliniambia?"

Alikuwa anatabasamu. Alikuwa anangoja asifiwe.

Lydiah alizima injini. Aibu aliyokuwa akiikimbia tangu Kansas haikuwa kitu mbele ya hii. Alikaa ameshika usukani mpaka Gakii akaanza kuuliza kama amekosea. Akamwambia hapana, aliyekosea ni mama. Akashuka, akamfungulia mlango, wakarudi ndani wameshikana mikono.

Mwalimu alikuwa bado anapanga karatasi zake. Lydiah hakukaa.

"Hii fomu nilidanganya," alisema, na akasema mbele ya mtoto makusudi. "Alikuwa anasaidiwa kila siku. Karatasi ziko nyumbani, nilizichomoa mimi. Na yeye nilimfundisha aseme hapana."

Mwalimu aliweka karatasi zake chini. Hakumkaripia, na Lydiah angependelea akaripiwe. Alivuta kiti karibu na Gakii na kumuuliza yule mwalimu wake wa Kansas aliitwa nani.

Gakii alifungua mdomo, akaufunga. Akainua macho kwa mama yake kwanza, kuuliza kama anaruhusiwa kujibu.